Punda wa mashindano anaposimama katikati ya njia

SWALI: Daktari, shikamoo. Nina punda dume wa miaka sita ambaye nimemkusudia mashindano ya Maulidi. Asubuhi hubeba mchanga safari chache, jioni nampeleka mazoezini kwenye njia ya kando ya bahari. Mwezi wa kwanza alikuwa na mbio kweli. Siku hizi tukifika karibu na jeti ya boti husimama tuli, na nikimchapa hurudi nyuma. Wenzangu wananiambia ni ukaidi wa punda tu, nimpake pilipili chini ya mkia na nimnyime chakula siku mbili kabla ya mashindano ili awe mwepesi. Mwingine anauza sindano ya nguvu. Maji na majani anapata, na dawa ya minyoo nilishampa. Nifanye nini hamu yake irudi? Kijana wa Langoni, Lamu.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kila Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi, ukikaribia swali hili hunijia, na kila mara neno "ukaidi" limo ndani yake. Habari za maji na minyoo naziacha, hizo umeshazitimiza. Nataka tukae na hilo neno.

Asili ya punda wetu ni punda mwitu wa pembe hii ya Afrika, nchi kavu ya mawe, ambako majani ni haba na kila mnyama hujitafutia mbali na wenzake. Farasi akishtuka hukimbia kwanza, maana ana kundi na ana uwanda. Punda akishtuka husimama, hutega masikio, hutazama, hupima. Akiona pana amani, huenda. Kule kusimama ndiko tunakokuita ukaidi. Sasa wewe, katika dakika ileile anapopima, unamshushia bakora. Anajifunza nini? Anajifunza kwamba hofu yake ilikuwa ya kweli, kwamba hapa karibu na jeti mtu huumizwa. Kesho atasimama hatua kumi kabla ya hapo, keshokutwa ishirini, kwa sababu punda hasahau mahali alipoumizwa. "Punda haendi ila kwa kigongo": msemo huu nausikia hata kwa watoto wa chuoni, na kila nikiusikia naikumbuka migongo niliyoikamua usaha. Punda mwenye hofu, kigongo humzidishia hofu. Mwenye maumivu, humfundisha kuyaficha, na kuyaficha tayari ni fundi kwa maumbile yake.

Wako ana lipi? Usikisie, mpime. Kesho muanzishe upande wa pili, jeti aifikie akitokea upande wa kijiji cha Shela, tena bila fimbo mkononi. Akisimama palepale penye jeti, basi shida iko mahali hapo. Akiipita jeti vizuri, kisha akasimama baada ya umbali uleule aliozoea kusimama, shida iko mwilini mwake. Jaribio hili halina gharama yoyote, na sijawahi kumwona muuza dawa hata mmoja akilifanya.

Ikiwa ni mahali, chuchumaa utazame kwa kimo chake. Kidimbwi juu ya saruji, wewe unajua kina chake ni cha ukucha. Yeye huenda anaona shimo. Kivuli kirefu cha jioni, kamba iliyolala njiani, injini ya boti inayongurumishwa ghafla, vyote hivyo ni sababu. Mpeleke hapo kwa mguu, umshike kamba ilegee, siku ambayo hakuna mbio. Mwache anuse. Akipiga hatua moja mbele kwa hiari yake, mpe ganda la ndizi hapohapo, kabla hujavuta pumzi ya pili, kisha mrudishe nyumbani. Thawabu ikichelewa hadi mfike zizini, kwake ni thawabu ya kufika zizini.

Na jambo ambalo hukulisema: jioni unampeleka peke yake? Punda hufunga udugu na punda mmoja, wakalala pamoja na kukunana shingo, na ukiwatenganisha kuna anayeacha kula kabisa. Kama anaye mwenziwe, mchukue naye, atangulie mbele. Nimeona punda waliodaiwa kuwa wavivu wakivuka mahali pa hofu nyuma ya mwenzao kana kwamba hapakuwahi kuwa na kitu.

Ikiwa ni mwili, anza na kwato. Shika juu ya kifundo cha mguu, kwa nyuma, pande zote mbili: mshipa ukidunda kwa nguvu vidoleni mwako na ukwato ukawa na moto, ndani kuna uvimbe au usaha, hasa mvua zikishapiga na zizi likaloana. Mara ya mwisho kwato zilichongwa lini? Wiki sita hadi kumi ndio mwendo wake. Kisha bonyeza mgongo taratibu kutoka mabegani hadi kiunoni, mahali panapokaa shogi, ule mfuko wa mizigo; akiuzamisha au akitetemesha ngozi kama anayefukuza nzi, panauma. Tazama kama hutafuna upande mmoja na kudondosha majani. Homa huipati kwa kumgusa sikio. Joto la punda mzima ni kati ya nyuzi 36.2 na 37.8, chini kidogo kuliko la farasi, na kipimajoto hakina bei ya kukushinda. Nani anampanda? Kwa punda wa kimo cha kawaida sisi hushauri mpandaji asizidi kilo 50, yaani mfuko mmoja wa saruji. Kaka yako mkubwa akimpanda mazoezini kwa sababu tu ndiye ajuaye, hapo ndipo mbio zinapokwisha.

Hamu yenyewe haina siri. Mnyama aliyebeba mchanga tangu alfajiri, jioni amekwisha kazi. Chagua siku mbili au tatu za wiki zisizo na mchanga. Akikimbia vizuri mara mbili, shuka, mkune pale shingo inapokutana na mabega, umalize wakati bado anataka. Vijana wengi huendelea mpaka achoke, wanasema wanamzoesha. Wanachomzoesha ni kwamba mbio hazina mwisho.

Sasa hao washauri wako, na hapa niwie radhi kwa ukali.

La njaa ndilo baya zaidi kwa sababu linaonekana dogo. Punda kwa maumbile hula kidogo kidogo, saa 14 hadi 16 kwa siku. Ukimkatia chakula, mwili hukimbilia mafuta yake, mafuta yakamwagika kwenye damu kupita kiasi, ini na figo zikalemewa. Majike wenye mimba na punda wanene huwa hatarini zaidi, lakini dume wako hakusalimika. Anaanza kwa kuinamisha kichwa na kukataa hata majani mabichi, watu wakasema amenuna. Wengi wanaofikia hapo hufa hata wakitibiwa. Punda aliyeacha kula siku moja tu ni wa kuletwa siku hiyohiyo.

Pilipili chini ya mkia ni kuunguza nyama laini. Atakwenda mbio, ndiyo, kama utakavyokwenda wewe ukimwagiwa uji wa moto, na tangu siku hiyo mkono wako ukigusa kiuno chake atakuwa anasubiri moto. Kuna na wanaomdunga kwa msumari uliofungwa kwenye kijiti. Tundu la msumari ni jembamba na refu, hewa haifiki ndani, na vijidudu vya pepopunda vimejaa kwenye udongo na kinyesi. Jina la ugonjwa tumempa mnyama huyu, kisha tunamtoboa kwa mikono yetu.

Sindano ya nguvu sijui ndani yake mna nini, na anayekuuzia naye hajui. Zile nilizoletewa na wenye punda, aghalabu ni dawa ya maumivu iliyomiminwa kwenye chupa nyingine. Hiyo haimwongezei punda mbio, humzimia kengele tu: mguu uliokuwa ukimwambia asimame hunyamaza, akaukanyaga kwa nguvu zote mbele ya umati, na jioni hauinuki. Ikidungwa ovyo, huacha jipu shingoni. Ikirudiwa rudiwa, hutoboa tumbo. Na yule anayechoma miguu kwa chuma cha moto "kutoa baridi", huyo sina neno naye ila la sheria: Sura ya 360 ya Sheria za Kenya inakataza kumtesa mnyama, na haimtoi mganga. The Donkey Sanctuary, shirika la Uingereza la kutunza punda, ilifungua kliniki hapa Lamu mwaka 1987, watoto wa wakati ule leo wana wajukuu, na bado kuna watu wanaopita mlangoni pake wakienda kwa muuza chupa, kisha hutuletea mnyama siku ya nne, amelala juu ya rukwama, na kusema tumwombee.

Kama ile pilipili umeshaipaka, usiioshe kwa maji matupu, utaitandaza. Anza na mafuta ya nazi, uyapake taratibu na kuyafuta kwa kitambaa laini, kisha sabuni ya mche iliyoyeyushwa, kisha maji mengi. Simama ubavuni mwake unapofanya hivyo, si nyuma, na mwenziwe awe karibu.