Kijana wangu amekataa maulidi: nimhofie?

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, assalaamu alaykum. Mwanangu amerudi kutoka masomoni akiwa amefuga ndevu na kupandisha suruali juu ya vifundo, na Mfunguo Sita huu amekataa kwenda kwenye maulidi kwa ami yake. Majirani sasa wanamwita al-Shabaab. Nifanye nini?
Mama, Wete, Pemba

JIBU: Waalaykumu ssalaam, mama yetu. Uliyoyaeleza ni khitilafu ambazo visiwa vyetu vinazijua. Watu wa madhehebu ya Shafii na Ibadhi husimama safu moja ya sala, huyu amefunga mikono na mwenziwe ameiachia, na wapo Answari Suna, Waislamu wanaoyaona maulidi kuwa ni bidaa, yaani uzushi katika dini. Kijana anayeshika rai hiyo huenda akamuudhi ami yake, tena sana, lakini hajamdhuru mtu.

Linalotisha ni kukufurisha, kwa sababu anayemtoa mwenziwe katika Uislamu huwa amekwisha kuikaribia damu yake. Makhawariji, kundi la mwanzo lililojitenga na Waislamu wenziwe, walimkufurisha Sayyidna Ali, na mmoja wao, Ibn Muljam, akamuua katika mji wa Kufa, Iraq, mwaka 661. Ndiyo maana wanavyuoni waliokutana Amman, Jordan, mwaka 2005 walikataza kuwakufurisha wafuasi wa madhehebu manane, Shafii na Ibadhi yakiwamo.

Sisemi kwamba kwetu hakuna la kuhofiwa. Sheikh Fadhil Soraga wa Ofisi ya Mufti alimwagiwa tindikali mwezi wa Novemba 2012, na Padri Evarist Mushi akauawa kwa risasi Februari 2013; unyama huo hauna udhuru, awe nani aliyeufanya. Lakini majirani nao wakumbuke kwamba masheikh wa Uamsho, jumuiya ya Kiislamu ya hapa Zanzibar, walikaa mahabusu miaka mingi kwa mashtaka ya ugaidi, hadi yalipofutwa mwaka 2021. Kumbandika kijana jina la al-Shabaab barazani kwa ajili ya ndevu ni dhulma, na inaniuma kuona tunavyolitamka kirahisi.

Kaa naye, mama, umuulize bila ya ukali: wanaosoma maulidi anawaona Waislamu waliokosea, au si Waislamu kabisa? Akijibu la kwanza, mwache na rai yake, naye akuachie maulidi yako. Akijibu la pili, au akianza kuhalalisha kuumizwa kwa mtu yeyote, Mwislamu au Mkristo, usinyamaze kwa kuona haya: mtafutie mapema sheikh anayemheshimu yeye mwenyewe, hata akiwa ni wa Answari, kwani huyo ndiye atakayemsikiliza.