Mwanangu, hiyo timu yako ningeijenga hivi

Mwanangu,

Voice note yako nimeisikiliza mara tatu, ya kwanza nilikuwa sokoni Mwaloni katikati ya wanunuzi sikuambulia kitu, hizo mbili nimesikiliza nyumbani Kitangiri nimetulia. Umeniuliza, White Sox, timu yako ya besiboli huko Chicago, imepoteza mechi 102 msimu wa 2025, ule wa 2024 ilipoteza 121, sasa msimu umeisha ningepewa mimi hiyo timu ningefanyaje, na je si bora tajiri wao amwage hela anunue supastaa mmoja wa kupiga mipira watu mpumue. Nakujibu kwa kuandika maana tukipigiana tutaishia kwenye habari za shangazi yako.

Si bora. Mwaka huu bado.

Unaukumbuka ule mwaka ulikuwa kidato cha pili, mtumbwi wetu wa kwanza unarudi Igombe na ndoo tatu za dagaa wakati wa jirani anashusha thelathini? We ulikuwa unaona nalia tu hujui kwa nini. Nilienda kambi nyingine nikamvuta nahodha mwenye jina, nikampa adivansi nzito, na nikwambie ukweli ile ilikuwa hela ya ada yako. Ziwa alikuwa analijua, siwezi kumsingizia. Giza la kwanza akaleta ndoo nne, la pili tano, alafu akaondoka kwa tajiri mwingine na mimi nikabaki na deni. Mbalamwezi ikaingia, unajua mwezi ukiwa mkali taa hazivuti dagaa, vijana wanapumzika siku kama kumi, basi nikasema leo huu mtumbwi tuupindue mchangani niuone tumbo lake. Fundi akachokonoa maungio kwa bisibisi, ile pamba ya kuziba ikawa inatoka nyeusi, imeoza, inanuka, anavuta inakuja tu kama utumbo. Kumbe nusu ya usiku vijana walikuwa wanatoa maji badala ya kuvua! Na wavu ukitandazwa juani unaona matundu mengine ngumi yangu inapita. Sasa nahodha angefanya nini hapo, hata angekuwa malaika.

Ndiyo maana nakwambia hiyo miezi yenu ya baridi isiyo na mechi ni mbalamwezi. Timu ya mechi 162 ikipoteza 121, haijawahi kutokea timu kupoteza nyingi hivyo kwa msimu mmoja tangu mwaka 1900, hapo shida si mtu mmoja, ni maungio.

Najua bado unaumia na ile ya mrushaji wenu Garrett Crochet, Desemba 2024 walipompeleka timu ya Boston ulinipigia usiku wa manane huku sauti imekatika. Na 2025 kawa wa kwanza American League, moja ya zile ligi kubwa mbili, kwa kuwatoa wapigaji kwa mipira yake, 255, ukanitumia ile picha ukaandika "umeona mama?" Nimeona. Na bado nasema walifanya sawa. Alikuwa amebakiza miaka miwili kabla hajawa mchezaji huru, na ndani ya miaka miwili hiyo timu ilikuwa haina ubavu wa kushinda chochote, kwaiyo angewarushia mipira vizuri kwenye mechi za kupoteza alafu aondoke bure. Dagaa unamuuza akiwa mkavu na jua linawaka, ukisema ngoja bei ipande kidogo wingu likashuka unabaki na chakula cha kuku. Wao walipata vijana wanne, na watatu walicheza ligi kubwa 2025 hiyohiyo, yule mdakaji Kyle Teel, Chase Meidroth, na mrushaji Wikelman González, wa nne Braden Montgomery msimu huo alikuwa bado anaiva kwenye timu za chini. Mmoja aondoke waje wanne, kwa mtumbwi unaovuja hiyo biashara ningeifanya hata mimi.

Ukichukulia na ile sheria uliyonieleza, mchezaji akipanda ligi kubwa yuko chini ya timu mpaka amalize miaka sita, na miaka kama mitatu ya mwanzo mshahara wake ni wa chini, mwaka 2025 ulianzia dola 760,000 (kwetu utajiri wa ukoo mzima ila kwao ni kidogo), basi unaona kijana mzuri ndiye mtaji wenyewe. Na ndiyo maana sitaki wakimbilie supastaa leo, miaka yake mizuri ataimalizia kwenye kupoteza.

Ila kitu nilichokipenda kuliko vyote ni habari ya Shane Smith. Hii nilimwambia mdogo wako anitafutie mara mbili nihakikishe. Ni mrushaji, alikuwa timu ya Milwaukee, hawakumuweka kwenye orodha yao ya watu 40 wanaolindwa, na kuna siku moja Desemba timu nyingine inaruhusiwa kumchukua mtu kama huyo kwa dola 100,000, ila sharti ukae naye kikosini msimu mzima, ukimtoa mwenzako ana haki ya kumrudisha kwake kwa nusu ya hela. White Sox wakamchukua, na msimu wake wa kwanza tu akaitwa mechi ya nyota wa ligi. Mwanangu, unamjua nahodha wetu wa sasa. Alikuja akiwa mtoa maji, kambi aliyotoka hakuna aliyewahi kumpa hata kushika kamba, mi nikamuona tu jinsi anavyokaa ubavuni anaangalia maji wakati wenzake wamelala. Hiyo dirisha ndogo ya Desemba ningeikalia macho kila mwaka, kila siku ya hiyo wiki, na timu iliyopoteza sana inachagua mapema, sasa hiyo nafasi unaiachaje?

Alafu wazee. Hapa ndipo vijana wa siku hizi mnakosea, mnasema "tunajenga" mnafukuza kila mwenye mvi, vijana wanabaki wanafundishana kupoteza. Angalia timu ya Detroit, hao majirani zenu. Mwaka 2003 walipoteza mechi 119, mapumziko yaleyale wakamsajili Iván Rodríguez, ametoka kubeba ubingwa na Florida, wakamlipa dola milioni 40 kwa miaka minne. 2006 wako World Series, fainali ya ubingwa. Najua utaniambia mama huyo si ndiye supastaa unayemkataa? Ni supastaa ndiyo, lakini ni mdakaji, anachuchumaa pale nyuma kila mpira wa kila mrushaji unaishia mkononi mwake, kijana akitetemeka yeye ndo anamuona wa kwanza na anainuka anaenda kuongea naye. Kama hela lazima itoke itoke kwa mtu wa namna hiyo, anachokijua kibaki kwa wengine. Nyie mdakaji kijana mnaye tayari, kwaiyo ningetafuta mrushaji mzee mmoja au wawili wa mkataba wa mwaka, wakae na hao watoto, na Julai wakiwa bado wana bei ningewauza nipate watoto wengine.

Jambo linaloniudhi na nalisema wazi ni tajiri anayejificha nyuma ya neno kujenga ili asitoe hela. Mwaka wa pamba iliyooza nililala na deni lakini wavu mpya nilinunua, fundi nilimlipa. Na tajiri wao naye hela ya supastaa aliyeacha kumnunua aipeleke kwa makocha wa timu za chini, kwa madaktari wa mabega ya warushaji, kwa watu wanaozunguka kutafuta vipaji. Asipofanya hivyo una haki ya kukasirika, na ukitaka kuacha kununua tiketi acha, mimi sitakulaumu.

Lakini kutoka kushinda 41 mpaka 60 ndani ya mwaka mmoja mi naona maji yamepungua mtumbwini. Timu yetu ya mpira ya hapa Mwanza, Pamba, ilikaa nje ya Ligi Kuu zaidi ya miaka 20 mpaka imerudi 2024, na baba yako siku ile alivaa jezi ya zamani yenye tundu kwapani akatembea nayo mpaka uwanja wa Nyamagana na kurudi. Kwaiyo usiniambie kusubiri miaka mitatu timu ijengeke ni mingi.

Mwezi umeanza kuchelewa kutoka, giza linaingia wiki hii, Alhamisi nipo Igombe mtandao unasumbua. Wakimchukua mtu ile siku ya Desemba niandikie jina lake na ametoka timu gani, nimtafute nimuone anavyorusha. Na vaa sweta, hilo ziwa lenu ni dogo kuliko letu lakini upepo wake ulivyonieleza siupendi.

Mama yako