Ukitoka Dodoma kwenda Kilimanjaro, usibanie siku

Likizo zinapokaribia, wenzangu wa hapa Dodoma huniuliza kuhusu kupanda Kilimanjaro, na swali la kwanza huwa ni mazoezi: nikimbie kilomita ngapi, nipande Mlima Simba mara ngapi? Mazoezi ni mazuri, yafanye. Lakini mlima ule hauangalii misuli. Nimeona vijana wenye vifua vipana wakishushwa, na mama wa makamo aliyekuwa akitembea taratibu nyuma yao akafika kileleni. Kinachoamua ni muda unaoupa mwili kuzoea hewa nyepesi.

Dodoma tuko takriban mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Kilele cha Uhuru kiko mita 5,895, na kule kila pumzi inakupa karibu nusu tu ya oksijeni ambayo mtu wa Dar anaipata akiwa amekaa barazani. Mwili huzoea, ila kwa siku, si kwa saa. Kwa hiyo fedha zikibana, punguza kwingine kote, siku usiziguse.

Wengi wetu huchagua njia ya Marangu kwa sababu unalala kwenye vibanda, si kwenye hema. Huuzwa kwa siku tano au sita. Chukua sita. Ile siku ya ziada unabaki kwenye vibanda vya Horombo, mita 3,720. Asubuhi unapanda hadi Zebra Rocks, karibu mita 4,000, kisha unarudi kulala palepale. Kwenye ratiba inaonekana kama siku ya kukaa bure. Faida yake utaiona utakapoondoka Kibo, kituo cha mwisho kabla ya kilele, usiku wa manane, mita 4,700, ukikanyaga kokoto zinazorudi nyuma kila hatua, na kichwa chako bado kinafikiri sawasawa. Mwenye uwezo wa kulipia siku saba au nane za njia ya Machame au Lemosho, naye asisite.

Kama hujawahi kabisa kufika juu, anza na Mlima Hanang, pale Katesh. Sisi tunapitia Singida. Una mita 3,420, na ukianza alfajiri na mwongozaji unapanda na kushuka siku hiyohiyo. Hautakuzoeza hewa ya Kibo, lakini utajua mapema buti zinakubana wapi na magoti yanahimili vipi mteremko. Buti zisizozoeleka mguuni zimeharibu safari nyingi.

Mlimani, kunywa maji lita tatu au nne kwa siku na ule hata kama hamu haipo. Kichwa kuuma kidogo na kukosa usingizi ni kawaida. Sasa hapa nisikilize vizuri: mtu akianza kuyumba kama mlevi, akiongea asichokielewa, akikosa pumzi hata akiwa ameketi, au akikohoa povu, asisubiri kupambazuke. Ashushwe saa hiyohiyo. Waambie waongozaji ukweli wa hali yako. Ukificha dalili unawafunga mikono watu wanaotaka kukuokoa. Dawa za kuzuia ugonjwa wa mwinuko zipo, ila muone daktari kwanza, hasa mwenye presha au tatizo la moyo.

Nguo zisikutishe. Soko la Sabasaba lina mitumba ya makoti mazito na sweta za sufu, na Moshi wanakodisha vilivyobaki. Mzigo wako uwe mwepesi, maana kuna mtu ataubeba. Wapagazi, wagumu kama wanavyoitwa kule, wasibebeshwe zaidi ya kilo 20, na kabla hujalipa uliza kampuni inayokupandisha wanalipwaje na wanalala wapi. Ikikwepa swali hilo, tafuta nyingine.

Beba kitambulisho cha NIDA. Ada za hifadhi kwa raia ni ndogo mno ukilinganisha na za wageni, na inaniuma kuona wachache wetu wakiitumia nafasi hiyo, ilhali kilele ni kilekile ambako Luteni Alexander Nyirenda alisimika bendera na Mwenge wa Uhuru mwaka 1961.

Nenda Januari hadi mapema Machi, au Juni hadi Oktoba. Panda basi la kupitia Kondoa na Babati hadi Arusha, uunganishe Moshi, na ulale hapo usiku mmoja kabla ya kwenda lango la Marangu.