Kushona na kupaka rangi juu ya picha ya zamani

Umeuliza kama unaweza kushona uzi na kupaka rangi moja kwa moja juu ya picha ya bibi yako. Unaweza, ila mimi nisingeigusa ile halisi, maana ukikosea hakuna ya pili. Ipige skani kwa nukta 600 kwa inchi, kisha ichape kwenye karatasi nene isiyong'aa. Tumia printa ya leza. Wino wa printa nyingi za nyumbani ukikutana na maji unachuruzika, na uso wa bibi unageuka tope (yamenikuta).

Kwenye kushona ndiko wengi wanakoharibu. Toboa matundu yote kwanza kwa sindano tupu, kutoka mbele, picha ikiwa juu ya sponji. Yaachane kama milimita 3 hivi, yakibanana karatasi inachanika kama stempu. Usifunge fundo, bandika ncha za uzi nyuma kwa utepe, la sivyo uvimbe utaonekana mbele. Macho mimi huyaacha wazi, nikiyafunika naona kama namshona mtu mwingine. Rangi ya akriliki (ile inayochanganywa na maji) itangulie, ikauke kabisa, ndipo uzi ufuate.