Maswali ya Wasomaji: Servo zinasimama zenyewe

SWALI: Nina kompyuta ndogo yenye Debian, naendesha servo sita (mota zenye kidhibiti) za EtherCAT, mtandao wa mashine za viwandani, kwa SOEM, maktaba huria ya kuutumia, mzunguko wa milisekunde 1. Kila baada ya muda viendeshi vinatoa kosa 0x001A na kusimama. Kebo nimeshabadilisha. Je, ninunue kadi maalumu ya mtandao?

JIBU: Usinunue. EtherCAT hutumia fremu (vifurushi vya data) za kawaida za Etheneti, aina 0x88A4, na hata ile ndefu kabisa ya baiti 1,518 hupita kwenye waya wa megabiti 100 kwa mikrosekunde 122 hivi. Kosa 0x001A ni la usawazishaji: fremu na saa ya servo hazikubaliani.

Kwanza tazama servo zinasimama lini. Zikisimama kwa vipindi vinavyokaribia kulingana, kwa mfano kila sekunde 50, ni saa mbili zinazoachana. Saa ya kompyuta ikitofautiana na ya servo kwa sehemu 20 katika milioni, fremu husogea mikrosekunde 20 kila sekunde, na katika sekunde 50 imeshateleza mzunguko mzima na kuigonga njiani SYNC0, ishara ya saa inayoianzisha servo kila mzunguko. Kerneli (kiini cha mfumo endeshi) bora kuliko zote haitibu hilo. Kila mzunguko soma ec_DCtime (saa ya servo), kisha rekebisha muda wa kuamka kidogo kidogo, kama ec_sync inavyofanya katika mifano ya SOEM. Lenga fremu ifike katikati ya mzunguko, mbali na SYNC0.

Zikisimama ovyo, hasa ukinakili mafaili, shida ni ucheleweshaji ndani ya kompyuta. `uname -v` isipoonyesha PREEMPT_RT (kerneli ya wakati halisi), sakinisha linux-image-rt-amd64. Uzi wa programu unaotuma fremu uwe SCHED_FIFO (ratiba ya wakati halisi), kipaumbele 80, kumbukumbu ifungwe kwa mlockall, na ulale kwa clock_nanosleep yenye TIMER_ABSTIME, yaani uamke saa iliyopangwa, si baada ya muda fulani. Usleep hulimbikiza makosa. Kisha:

ethtool -C enp2s0 rx-usecs 0

Kadi nyingi huchelewesha taarifa ya fremu iliyofika ili kupunguza kazi ya kichakataji. Amri hii (badala ya enp2s0 weka jina la mlango wako wa mtandao) huzima tabia hiyo, ingawa baadhi ya kadi huikataa. Kwenye BIOS zima usingizi wa kichakataji (C-states). Pima ucheleweshaji kwa `cyclictest -m -p 90 -i 1000` saa kadhaa, mashine ikiwa na mzigo. Uangalie Max (mkubwa kabisa), si Avg (wastani).

Mlango huo wa mtandao usiwe chini ya NetworkManager, programu ya kusimamia mitandao, maana hutuma maombi ya DHCP (ya kupewa anwani) katikati ya fremu zako. Swichi ya ofisini nayo, kama ipo kati ya kompyuta na servo, itoe.