Maharagwe ya msaada yanauzwa

Swali: Kikundi chetu cha Kayole hugawa chakula kila mwisho wa mwezi. Mbona majirani wengine huuza maharagwe tunayowapa?

Jibu: Msiwalaumu, hesabu ni ya makaa. Maharagwe makavu, hasa yaliyokaa ghalani muda mrefu, huchemka saa mbili au zaidi. Anayenunua makaa ya mkebe mmoja mmoja hawezi. Badilisheni, mtoe ndengu: hata bila kulowekwa huiva kwa dakika 40 hivi.

Kwa watu watano, wiki moja, anzeni na pakiti tatu za unga za kilo 2, gorogoro ya ndengu, lita moja ya mafuta, chumvi, kipande cha sabuni. Pedi pia, hizo husahaulika, na hakuna atakayesimama foleni kuziulizia.

Mkiletewa mahindi ya gunia, yaumeni kwanza. Yasipolia ka!, hayajakauka. Yenye kuvu yakataeni kabisa, maana sumu yake haiondoki kwa kupikwa.

Orodha isitoke kwa mzee wa mtaa peke yake. Ilinganisheni na ya wahudumu wa afya ya jamii, wanaoingia nyumba kwa nyumba na kumjua mgonjwa asiyetoka kitandani.