Unga wa seli shina, uloto wa Dodoma na ahadi za ng'ambo: majibu kwa wasomaji wawili

SWALI: Binti yangu ana miaka 9 na ana selimundu. Alianza kuvimba vidole vya mikono na miguu akiwa na miezi 8, na tangu hapo maumivu ya mifupa hayajatuacha. Jirani amenikutanisha na wakala anayeuza unga wa seli shina, ulio katika vipakiti vya kumwaga chini ya ulimi asubuhi kabla ya kula. Anasema unga huo utatengeneza damu mpya na kwamba tuache dawa za hospitali ili usipingane nazo. Boksi moja linameza faida yangu yote ya genge kwa mwezi. Vilevile nimesikia kwamba Dodoma wanapandikiza uloto. Je, ni kitu kimoja? (Mama mzazi, Morogoro)

JIBU: Mama, si kitu kimoja hata kidogo, na kabla ya maelezo yoyote ninakuomba usimwachishe binti yako dawa zake, hata kwa siku moja.

Seli shina ni seli changa zenye uwezo wa kujizidisha na kuzaa seli za aina nyingine. Zinazomhusu binti yako zinakaa katika uloto, ile nyama laini iliyo ndani ya mifupa, na ndizo zinazozaa chembe zote za damu. Chembe nyekundu ya mtu asiye na selimundu huishi siku 120 hivi, lakini ya mtoto mwenye selimundu hupinda kama mundu na kufa baada ya siku 10 hadi 20, ndiyo maana uloto wake hufanya kazi kwa nguvu usiku na mchana na bado damu haitoshi. Kosa limo katika kinasaba ambacho kila seli shina ya uloto wake inacho, kwa hiyo damu mpya itakayotoka humo itakuwa na kosa lilelile.

Sasa tuutazame huo unga. Unga wa namna hii kwa kawaida hutengenezwa kwa mimea, kama vile tofaa na zabibu, na seli ya tofaa haiwezi kuzaa damu ya binadamu. Hata kama ndani ya pakiti kungekuwa na seli hai ya mtu, seli nzima haipenyi chini ya ulimi ikaingia katika damu, na ikimezwa tumbo huimeng'enya kama linavyomeng'enya nyama ya mchuzi. Ninasikitika sana kwamba mtu anathubutu kumwambia mzazi aache dawa ili anunue kitu hicho.

Tiba ya kweli ya seli shina ni hiyo uliyoisikia. Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kupandikiza uloto mwaka 2021 kwa wagonjwa wa saratani ya damu, wakitumia seli za wagonjwa wenyewe, na Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikaanza kuwapandikiza watoto wenye selimundu mwaka 2023. Mtoto hupewa kwanza dawa kali za kuua uloto wake wa zamani. Ndugu anayemchangia hulazwa usingizi, kisha sindano nene huingizwa nyuma ya mfupa wa nyonga na kunyonya uloto, ambao ni mwekundu na mzito kama damu. Mfuko wake huning'inizwa kando ya kitanda na kutiririka katika mshipa wa mtoto, na seli zenyewe hutafuta njia hadi ndani ya mifupa. Mtoto hapasuliwi popote. Zinapita wiki kadhaa kabla uloto mpya haujashika, na katika muda huo hana kinga, nywele zimenyonyoka, na homa ndogo tu inaweza kumwangusha. Baadaye seli za ndugu zinaweza kuushambulia mwili wa mwenyeji wake, na dawa zile kali zinaweza kuathiri uwezo wake wa kuzaa atakapokuwa mtu mzima. Haya yote yaulize waziwazi.

Jambo la kwanza ni vipimo vya ndugu. Kila mtoto wa baba na mama mmoja ana nafasi ya asilimia 25 ya kulingana naye kikamilifu kwa aina ya tishu, na ndugu mwenye kinasaba kimoja tu cha selimundu bado anaweza kuchangia. Omba rufaa kupitia kliniki yake ya sasa.

Wakati mnasubiri, muulize daktari kuhusu haidroksiyurea ikiwa hajaanza. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019, uliofanywa kwa watoto zaidi ya 600 wa Angola, Kongo, Kenya na Uganda, ulionyesha kwamba dawa hiyo hupunguza maumivu, malaria, haja ya kuongezewa damu na vifo. Fedha ya boksi hilo inunue dawa hiyo, chandarua na nauli ya kliniki.

SWALI: Kaka yangu alivunjika uti wa mgongo katika ajali ya bodaboda miaka miwili iliyopita na miguu imepooza. Kliniki moja ya nje imetuahidi kwamba atatembea akichomwa seli shina mgongoni. Familia inataka kuuza kiwanja. (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Ndugu yangu, msiuze. Kwa jeraha la muda huo hakuna tiba ya seli shina iliyothibitishwa kumrudishia mtu miguu yake, na hatari zake zimeandikwa. Mwaka 2016 madaktari wa Marekani walieleza habari za mwanamume aliyepata kiharusi, akachomwa seli hizo China, Argentina na Mexico, na baadaye akaota uvimbe katika uti wa mgongo ambao seli zake hazikuwa zake mwenyewe. Majaribio halali yapo duniani, lakini yana kibali cha kamati ya maadili, na mgonjwa kwa kawaida hauziwi nafasi ndani yake. Anayedai malipo kamili na kuahidi matokeo anafanya biashara.

Kinachoweza kumwua kaka yako leo ni vidonda vya kulalia na maambukizi ya mkojo. Mgeuzeni kila baada ya saa mbili anapolala, kagueni visigino na makalio kila jioni kwenye mwanga mzuri, na mkiona wekundu usiofifia mnapoubonyeza kwa kidole, au ngozi imekuwa nyeusi zaidi, ngumu au ya moto kuliko ilivyo pembeni, asilalie upande huo tena hadi muuguzi amtazame.